Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Akutanapo na Kazi

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Mei, ofisi nyingi hapa nchini hupata wageni wanaobisha hodi kwa barua. Hao ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Kila mmoja huja na bahasha ya kaki yenye barua ya kumtambulisha kutoka idara yake, karatasi ya bima ya ajali, na daftari tupu ambalo anatakiwa kulijaza kila siku kwa muda wa majuma 12 hivi, huku mkubwa wa pale kazini akilitia sahihi. Wenyewe huyaita mafunzo hayo "atachimenti". Wapenda Kiswahili husema uanagenzi.

Mimi nimekaa kwenye meza ya habari ya gazeti la Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na wanafunzi niliowapokea siwezi kuwahesabu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi hiyo mwaka wa 1970 kilikuwa peke yake. Cha Moi kilifuata mwaka wa 1984, na cha Kenyatta mwaka wa 1985. Siku hizi vyuo ni makumi, na nafasi za mafunzo hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Hivyo basi, jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hujifunza, tena kabla hajafika kazini, ni kukataliwa. Nimeona vijana waliopeleka barua 20 wakajibiwa mbili. Nimeona pia wale ambao hawakupeleka hata moja, kwa sababu mjomba alipiga simu. Sitajifanya kwamba sijui jambo hilo. Ofisi zetu zimejaa wapwa.

La pili ni hesabu ya nauli. Mafunzo haya kwa kawaida hayana mshahara. Mchukue kijana anayekaa Kitengela, akilipa Sh100 asubuhi na Sh100 jioni, siku tano kwa juma. Kwa majuma 12 atakuwa amewapa wenye matatu Sh12,000, na bado hajala. Mzazi mwenye duka atazitoa. Mzazi anayepalilia shamba la mwingine atazitoa wapi? Kuna kijana mmoja aliyekuwa akifika kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wenzangu wakimsifu kwa bidii. Kumbe alikuwa akitembea kutoka Mathare, na aliwahi ili apate kunawa uso na kubadili viatu kabla watu hawajafika.

Sheria inawatoza waajiri Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi ili kugharimia mafunzo ya viwandani, na tangu mwaka wa 2011 kuna mamlaka maalum ya kusimamia kazi hiyo, NITA. Kwa maoni yangu, ada ya namna hiyo ingefaa ifike hadi kwenye nauli ya mwanafunzi. Jambo la malipo si dogo. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya mambo makubwa yaliyowatoa kazini lilikuwa malipo ya wanagenzi wao, yaani vijana waliohitimu ambao hawawezi kupewa leseni kamili bila kufanya kazi hospitalini kwanza. Hao angalau walikuwa na chama cha kuwasemea. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ana daftari lake tu.

Kuna pia suala la chai. Kutumwa chai si kosa, kwani hata mimi nilitumwa. Lakini kutumwa chai na kupiga nakala za karatasi kwa majuma 12 ni kumwibia mtu wakati wake, na ofisi zinazofanya hivyo zipo.

Nisije nikamchosha msomaji kwa shida peke yake. Mwaka mmoja tulimpokea binti aliyekuwa akisomea Kiswahili. Ushairi aliujua barabara. Ukimsomea ubeti angekutajia vina na mizani kabla hujavuta pumzi. Juma la pili nikamtuma Mahakama ya Makadara pamoja na mwandishi wetu wa huko. Alirudi saa nane na habari ya kijana aliyeshtakiwa kuiba simu na pesa za mwuza mboga. Kichwa alichoandika kilisema: "Mwizi wa Sokoni Afikishwa Kortini".

Nikamwita. "Binti, nani amesema huyu ni mwizi?"

"Polisi, mzee."

"Na hakimu amesemaje?"

"Hakimu amemwuliza tu kama ni kweli. Yeye akakana."

Tulikaa nusu saa juu ya neno hilo moja. Anayekamatwa na polisi ni mshukiwa. Akisomewa mashtaka mbele ya hakimu huwa mshtakiwa. Mpaka apatikane na hatia, hakuna ruhusa ya kumwita mwizi, na akipelekwa jela ndipo awapo mfungwa. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine, na gazeti lisilojali hilo laweza kujikuta lenyewe kortini likidaiwa fidia kwa kumharibia mtu jina. Siku hiyo hiyo alijifunza kwamba bondi na dhamana ya pesa taslimu si kitu kimoja: kwa ya kwanza mdhamini huweka hati ya mali yake, kwa ya pili noti zinahesabiwa pale pale. Maneno hayo yote yamo kamusini, na kamusi alikuwa nayo. Ila darasani ukikosea neno unapoteza alama wewe. Huku anayepoteza ni mtu mwingine, ambaye hata humjui.

Habari ilitoka Jumanne, aya nne katika ukurasa wa ndani: "Akana Kuiba Simu Sokoni".

Kwa kawaida mambo huishia hapo. Sisi wa magazeti tuna ugonjwa wa zamani: mtu akishtakiwa tunampigia ngoma, akiachiliwa tunanong'ona, au hatusemi kabisa. Lakini binti huyu alikuwa ameandika tarehe ya kesi kutajwa tena, na ilipofika aliomba ruhusa akaenda peke yake. Mlalamishi hakufika. Kiongozi wa mashtaka akaomba kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, hakimu akakubali, na kijana akaenda zake, ingawa kifungu hicho hakizuii mtu kushtakiwa upya.

Aliandika aya mbili. Mhariri wa zamu akasema nafasi imejaa, kuna tangazo la magurudumu ya gari. Kesho yake akaambiwa hivyo hivyo. Ndipo akasimama mbele ya meza ile, yeye asiyelipwa hata senti, akasema: "Watu wa sokoni walisoma kwamba ameshtakiwa. Nani atawaambia kwamba ameachiliwa?" Hakuna aliyemjibu. Siku ya tatu zile aya mbili zikatoka. Juma lililofuata mama mmoja alipiga simu akiuliza nakala za gazeti la siku ile angezipata wapi.

Mhadhiri wake alikuja mwezi wa Agosti, akiwa na haraka, kwani alikuwa na wanafunzi wengine wanne wa kuwakagua na mmoja alikuwa Thika. Akapitia daftari upesi upesi, akasimama kwenye siku moja iliyokuwa na mstari mfupi: "Nimeenda Makadara. Ameachiliwa." Akaniuliza kama ni mimi niliyemtuma. Nikamwambia hakutumwa na mtu. Akataka kujua basi aandike nini, maana fomu yake ilikuwa na nafasi ya kazi ambazo mwanafunzi ametumwa na si nyingine. Nikaenda kabatini, nikamletea gazeti la siku ile, nikamwonyesha zile aya mbili chini ya matokeo ya mpira.