Ukialikwa kwa Mariamman: Mgeni na Hujaji Katika Hekalu la Marabastad

Kila mwaka ifikapo katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, baadhi yetu tunaosoma hapa Johannesburg hualikwa na wanafunzi wenzetu wa Kitamil twende nao hekaluni "kwenye uji". Mwaliko huo huzua mabishano kweli kweli. Katika nyumba tunayopanga hapa Bertrams, nyuma ya uwanja wa Ellis Park, tupo Watanzania wawili, Mkenya mmoja na Wakongo wawili, Waislamu kwa Wakristo, na swali ni lile lile: nikienda, si nitakuwa nimeabudu? Na huo uji, ninywe nisinywe? Mimi nimekwenda mara mbili, kwa hiyo nimeona niwaelezee mambo yalivyo, ili kila mtu aamue mwenyewe akijua anachoamua.

Kwanza tuelewane. Kiswahili chetu cha mitaani kinamwita kila mtu mwenye asili ya India "Mhindi", basi tunadhani wote ni wamoja. Mahekalu tuliyoyazoea kwetu, kama yale ya Kisutu pale Dar es Salaam au ya Mombasa, mengi ni ya watu wenye asili ya Gujarat, ambao wengi wao walikuja kufanya biashara. Huku Afrika Kusini hadithi ni nyingine. Tarehe 16 Novemba 1860 meli iitwayo Truro ilitia nanga Durban ikitoka Madras, imebeba vibarua wa mkataba wa kulima miwa. Hadi mwaka 1911 walikuwa wameletwa vibarua zaidi ya 150,000, wengi wao kutoka India ya Kusini, Watamil na Watelugu. Watu hawa hawakuja na mali. Walikuja na mama yao, Mariamman.

Mariamman ni mungu wa kike wa vijijini. Anahusishwa na mvua, lakini zaidi anahusishwa na ndui. Kwa Kitamil "amman" ni mama, na ndui yenyewe huitwa "ammai". Waumini husema kwamba mama ndiye anayeleta ugonjwa na mama huyo huyo ndiye anayeuondoa. Ndiyo maana mtoto akitoka vipele, wazee walisema mama ameingia nyumbani, na nyumba nzima ikatulia: hakuna nyama, hakuna kelele, na majani ya mwarobaini yanatundikwa mlangoni. Naam, mwarobaini huu huu wetu, ambao sisi tunasema unatibu maradhi arobaini! Asili yake ni huko huko kwao. Hapa ambapo baridi haiuruhusu kustawi, wengi hutumia majani ya siringa, mti ambao ni ndugu yake.

Na ndui nayo inatuhusu. Mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida alikuwa mtu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa. Ugonjwa umekwisha ila mama hajastaafu. Sasa watu wanamwendea kwa tetekuwanga na surua, kwa kutafuta mtoto, kwa kazi, hata kwa mitihani.

Sasa tuje kwenye hekalu lenyewe. Jirani na sisi wa Bertrams liko hekalu la Melrose, lakini lile ni la Murugan, mwana wa Siva. Tulikoalikwa sisi ni Marabastad, Pretoria, mwendo wa kilometa 60 hivi. Hekalu hilo lilianzishwa na jumuiya ya Watamil mwaka 1905, likiwa la mbao na mabati, na katika miaka ya 1920 na 1930 likajengwa la kudumu. Ukifika, utauona mnara wa mlango umepanda ngazi kwa ngazi juu ya soko na vituo vya teksi. Jirani wa hekalu leo ni wauza mboga na wasafiri. Utajiuliza, Wahindu wenyewe wako wapi? Jibu ni kwamba walihamishwa. Chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi, familia za Kihindi zilitolewa Marabastad na kupelekwa Laudium, nje ya mji. Nyumba nyingi zikabomolewa, hekalu likabaki. Kwa hiyo hija hapa ina maana yake ya pekee. Babu alikuwa akitembea hatua chache kutoka uani kwake, mjukuu anapanda gari kurudi mahali ambapo kwao palifutwa.

Lakini umbali siyo unaomfanya mtu awe hujaji. Hujaji ni mwenye nadhiri. Ameomba jambo, akaahidi, na sasa anakuja kulipa. Siku kadhaa kabla, mara nyingi kumi, anaacha nyama, samaki, mayai na pombe, anajizuia na tendo la ndoa, na anachunga ulimi. Siku yenyewe huvaa nguo safi, mara nyingi za njano ya manjano ile ya jikoni, na wengine hubeba kichwani chungu kilichopambwa maua na majani. Wanavunja nazi, wanawasha kafuri, wanazunguka chumba cha mungu kwa mkono wa kulia. Halafu ndipo uji hugawiwa.

Uji huo, jamani, ndio ulionishangaza kuliko yote. Kule Tamil Nadu hupikwa kwa ulezi, au wimbi kama wanavyosema Wakenya. Na ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda. Ulivuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Huku vibarua hawakuupata, wakatumia unga wa mahindi na maziwa ya mgando. Yaani nafaka yetu ndiyo iliyokuwa chakula cha mama yao. Anapewa chakula cha maskini kwa sababu ndicho waumini wake walichokuwa nacho.

Basi ukialikwa, fanya hivi. Usile nyama siku hiyo. Vaa nguo ya heshima, na mkanda wa ngozi uache nyumbani. Viatu vua nje, miguu nawa. Pokea kitu chochote kwa mkono wa kulia. Picha omba ruhusa kwanza. Kwa desturi mwanamke aliye katika siku zake haingii. Wapo wanaoipinga desturi hiyo, ila mgeni asiende kuianzishia vita pale mlangoni. Chumba cha ndani ni cha kuhani peke yake.

Na suala la imani? Mimi ni Mwislamu, mtu wa Tanga. Chakula kilichotolewa kwa jina la asiye Mungu mmoja siwezi kukila, na kuinama mbele ya sanamu siwezi. Nilimwambia mwenzangu mapema, kabla hatujaondoka, siyo wakati bakuli liko mbele yangu. Mama yake, ambaye angekuwa mama wa kwetu ningempa shikamoo, aliniwekea ndizi pembeni kabla hazijapelekwa ndani. Nilisimama ukumbini, nikabeba sufuria, nikagawa bakuli kwa waliopanga foleni. Mwenzetu Mkongo, Mkristo, alikunywa uji. Anasema Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu jambo hilo hilo na yeye dhamiri yake haimsumbui. Tulirudi Bertrams tukibishana kwenye teksi, lakini hakuna aliyemlazimisha mwenzake.

Nilichojifunza ni kwamba hekaluni hakuna anayetaka ujifanye hujaji. Hujaji ana deni na mama yake, wewe huna. Kinachowaudhi wenyeji ni mtu anayepaka poda nyekundu kwenye paji la uso kwa ajili ya picha, au anayenusa uji na kukunja uso. Ukiwa mgeni, kuwa mgeni kamili: fika na ndizi au maua, simama nyuma, uliza kwa adabu, saidia kuosha vyombo. Tarehe hufuata mwezi wa Kitamil uitwao Aadi na hubadilika kila mwaka, kwa hiyo waulize wenzenu mapema, na mseme mapema mnachokula na msichokula.