Thuluthi Mbili: Kweli au Uongo?

"Wabunge wa Kenya waliukataa mswada wa thuluthi mbili."

Uongo, na ukweli wenyewe unaudhi zaidi. Mswada huo wa kutekeleza kanuni ya jinsia ulipopigiwa kura mwaka 2016, waliosema ndiyo waliwazidi waliosema la. Lakini mswada wa kubadili Katiba unahitaji kura 233 kati ya wabunge 349, na hazikutimia. Uliporejeshwa Februari 2019, hata kura haikupigwa: waheshimiwa 174 pekee ndio waliokuwa ukumbini. Kanuni ya jinsia ikakwama kwa kukosa akidi. Mbunge anayeogopa kuwapinga wanawake hadharani hana haja ya kufungua kinywa; anaagiza chai nyingine mkahawani, basi.

"Kanuni hiyo ni ya kuwapendelea wanawake."

Uongo. Kifungu cha 81 kinasema watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Siku wanaume watakapokuwa wachache, kitawakinga wao.

"Viti 47 vya wawakilishi wa kike vimetosha."

Uongo, na hesabu si ngumu. Mwaka 2022, katika maeneobunge 290, wanawake 29 ndio waliochaguliwa. Ukiongeza hao 47 unapata 76. Hata viti vyote 12 vya kuteuliwa wangepewa wanawake, jumla ingekuwa 88. Thuluthi ya Bunge la Kitaifa ni 117.

"Wabunge na maseneta wa kuteuliwa ni pambo."

Wapo waliomaliza muhula bila kusikika, sikatai. Lakini sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya 2003, ilitokana na mswada wa Crystal Asige, seneta wa kuteuliwa mwenye ulemavu wa macho. Aliyeyaishi mambo hayo ndiye aliyeyaandika.

"Bunge likizembea, mahakama itatulinda."

Nusu kweli. Kifungu cha 100 kinaliagiza Bunge, si majaji, litunge sheria ya kuwapa uwakilishi wanawake, watu wenye ulemavu, vijana, makabila madogo na jamii zilizotengwa. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya jinsia. Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo, na wabunge wakakaa vitini hadi muhula wao ukaisha 2022.

"Mbunge bora ni mwenye basari nyingi."

Basari ni pesa za umma, wala hazitoki mfukoni mwake. Uchaguzi ni Agosti 2027. Atakapokuja kuomba kura, muulize miswada ya wanyonge ilipofika ukumbini yeye alikuwa wapi, kisha usome Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, uone kama majibu yanalingana.