Mafuta ya Damu Hayatoki Kwenye Kikaango Tu

Wengi wetu tukiambiwa kwamba damu ina mafuta mengi, tunarudi nyumbani na kuficha chupa ya mafuta ya kupikia. Lakini chai inabaki na sukari vijiko vinne, ugali wa sembe unajaa sahani, na jioni bia haikosekani. Tukipimwa tena, mafuta ni yale yale. Kwa nini?

Aina moja ya mafuta ya damu huitwa trigliseraidi. Ini huyatengeneza pia kutokana na sukari, wanga na pombe vinavyozidi mahitaji ya mwili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu nchini alikuwa nayo kwa wingi. Hapa Tunduma, dereva anayekaa kwenye foleni ya malori mpakani akila chipsi na soda ajihadhari. Vivyo hivyo mama anayekaa dukani kutwa.

Dalili na kipimo
Mara nyingi hakuna dalili. Kiasi kizuri ni chini ya miligramu 150 kwa desilita ya damu. Yakizidi, hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huongezeka. Yakifika 500 na zaidi, kongosho linaweza kuvimba: maumivu makali juu ya tumbo yanayofika mgongoni, na kutapika. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali mara moja, asingoje asubuhi. Omba upimwe sukari pia, kwa maana mara nyingi haya mawili huandamana.

Chakula
Acha soda na pombe. Punguza sukari na ugali. Dona ni bora kuliko sembe. Ongeza maharage, mboga za majani na samaki au dagaa wasiokaangwa. Tembea nusu saa kila siku.

Dawa
Daktari anaweza kukupa fenofibrati au dawa za jamii ya statini. Usiziache kwa sababu unajisikia vizuri, wala usitumie za jirani. Ukiumwa misuli bila sababu, au ukiwa mjamzito, mwambie daktari mapema.

Dawa bila kubadili sahani ni kuteka maji kwa pakacha. Wakati wa Kwaresima tunaweza kuacha pombe siku arobaini. Basi, kwa ajili ya watoto wanaotutegemea, tusiirudie baada ya Pasaka.