Dhahabu Ilikuwapo, Bei Ndiyo Iliyoleta Watu

Mkazi anayepita kando ya mashimo ya kale kusini mwa Ziwa Victoria huenda akadhani kwamba kila shimo lilitokana na bahati ya mtu aliyeokota jiwe linalong'aa. Historia yaeleza vingine. Dhahabu ya ukanda huu ilijulikana tangu enzi ya Wajerumani. Mfumuko wa watu ulikuja baadaye, na kwa kiasi kikubwa ulifuata bei.

Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35. Miamba ambayo hapo awali haikulipa gharama ikawa mali, na katika muongo huo mgodi mkubwa ukaanza kazi Geita. Bei hiyo ikakaa palepale kwa zaidi ya miaka 30, huku gharama za uchimbaji zikipanda. Mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Dhahabu haikuwa imekwisha: mgodi wa sasa ulifunguliwa katika eneo hilohilo mwaka 2000.

Mwaka 1971 Marekani iliacha kubadilisha dola kwa dhahabu kwa bei maalumu, na kufikia Januari 1980 wakia moja ilikuwa imevuka dola 800. Wakati huo wachimbaji wadogo walikuwa wakimiminika Bulyanhulu na kwingineko Kanda ya Ziwa. Zana zao zilikuwa sururu, kamba na matimba ya kuzuia kuta za duara zisiporomoke. Mawe yalisagwa, yakaoshwa kwenye mialo, kisha zebaki ikatumika kunasa chembe za dhahabu. Zebaki hiyo ikichomwa hugeuka mvuke unaoingia mapafuni na kudhuru ubongo na figo. Inayomwagika hubaki katika tope kwa miaka mingi baada ya mchimbaji kuhama. Kwa hiyo mwalo uliotelekezwa si mahali pa kulima mboga wala kunyweshea mifugo, hata kama maji yake yaonekana safi.

Mambo haya si ya kale tu. Mwaka 2025 bei ilivuka dola 3,000, na maduara yaliyoachwa yamekuwa na mvuto tena. Hapo ndipo mwenye shamba hujiuliza: ardhi ni yangu, mbona dhahabu si yangu? Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, madini yote ni mali ya Jamhuri, nayo huchimbwa kwa leseni tu. Hata hivyo, leseni haifuti haki ya aliye juu ya ardhi. Mwenye leseni hana ruhusa ya kuchimba katika shamba lililolimwa au karibu na nyumba bila ridhaa ya mmiliki halali, naye hudaiwa fidia kwa mazao na majengo anayoharibu.

Ridhaa hiyo na itolewe kwa maandishi, mbele ya mashahidi, baada ya kuiona leseni yenyewe na kuhakiki mipaka yake kwa Afisa Madini Mkazi. Neno la mdomo ni gumu kulithibitisha pindi dhahabu ikishapatikana. Anayenunua kiwanja karibu na machimbo ya zamani naye aulize wazee wa mtaa na ofisi ya mtendaji wa kata kabla ya kuchimba msingi, kwani shimo lililofukiwa kwa takataka hutitia mvua zikizidi.