Mahali pa Kuitafuta Zebaki

Dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya mkoani Mbeya, imechimbwa tangu miaka ya 1920, na hadi leo wachimbaji wadogo wengi huinasa kwa zebaki. Mawe husagwa kwenye karasha, unga ukaoshwa, kisha zebaki humiminwa ndani ya beseni na kukandwa kwa mikono mitupu mpaka ishikane na chembe za dhahabu. Donge hilo huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi: yenyewe inapaa, dhahabu inabaki. Anayetaka kujua madhara ya kazi hii kwa kawaida huchota maji ya mto na kuyapeleka maabara. Majibu yakija chini ya mikrogramu 6 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, watu hutulia. Naona utulivu huo hauna msingi, kwa sababu chupa ya maji hujibu swali la maji tu.

Zebaki hunata kwenye chembe laini za tope. Maji yaliyochujwa yanaweza kuwa safi huku matope ya chini yakiwa yameibeba kwa wingi, na humo bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, inayopanda kutoka viumbe wadogo hadi samaki mkubwa. Aliyeipata kwa kula samaki hupimwa nywele; aliyevuta mvuke hupimwa mkojo. Hata mkojo una hesabu yake: mtu aliyeshinda juani bila kunywa maji ana mkojo mzito, hivyo kiasi cha zebaki hugawanywa kwa kreatinini, taka ya kawaida ya mwili iliyomo kwenye mkojo huo, ndipo watu wawili walinganishwe kwa haki. Kanda ya Ziwa ilitoa somo zuri. Samaki wengi waliopimwa huko miaka ya 1990 walikuwa na zebaki kidogo, lakini baadaye, Rwamagasa mkoani Geita, wachomaji walikutwa na viwango vikubwa kwenye mkojo. Aliyesoma takwimu za samaki peke yake angesema hakuna tatizo, ilhali sumu ilikuwa inapita hewani.

Wapo wanaosema zebaki ya Lupa ni ya mashine za enzi ya ukoloni, au ni ya miamba yenyewe. Hoja hiyo ni ya haki, na inajibika. Tope la ziwa hujilaza tabaka juu ya tabaka, na risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi, husaidia kukadiria umri wa kila tabaka; Ziwa Rukwa, lisilo na mto wa kutoa maji yake, lina kumbukumbu ya namna hiyo. Zebaki ikilinganishwa na alumini, ambayo ni ya udongo, ongezeko lililoletwa na binadamu hujitenga na wingi wa udongo laini. Arseniki ni habari nyingine: mara nyingi hukaa kwenye miamba ileile ya dhahabu, na kumbebesha mchimbaji arseniki yote ni kumwonea. Jambo linalonitia hofu zaidi ni marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanayolowekwa kwenye sainaidi, kwa kuwa sainaidi huyeyusha zebaki iliyobaki na kuifanya isafiri kirahisi majini.

Wengine watasema vipimo ni ghali. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuchagua sampuli kwa akili. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ukomeshwe. Chunya, na hata kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyakavangala mkoani Iringa, mkojo wa wachomaji na vumbi la nyumba zao, vikipimwa kabla na baada ya ritoti, chombo kilichofungwa cha kunasa mvuke wa zebaki, kuanza kutumika, vitaonyesha kama agizo hilo limemfikia mtu anayevuta moshi.