Hamu ya chumvi

Ninyi mnaochunga mbuzi mmekwisha kuona jambo hili. Mbuzi ameshiba majani mabichi tangu asubuhi. Jioni, badala ya kulala, anakwenda kulamba ukuta mahali watu walipokojoa, au anakulamba mkono wenye jasho. Je, bado ana njaa? Sivyo. Anatafuta chumvi. Majani yanamshibisha, lakini chumvi yake ni kidogo sana.

Wanyama wa pori nao hufanya vivyo hivyo. Katika msitu wa Bwindi, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, gorila huvunja magogo yaliyooza na kutafuna mti ule mbovu. Wataalamu waliupima mti huo. Mwaka 2006 wakaandika kwamba karibu sodiamu yote ya gorila wale, yaani kitu kile kilicho ndani ya chumvi, ilitoka katika mti uliooza.

Basi, njaa na hamu si kitu kimoja. Njaa yasema: «Nipe chakula.» Hamu yasema: «Nipe chakula hiki, si kingine.»

Nani hupeleka maneno hayo mwilini? Kwa sehemu ni homoni. Homoni ni vitu vinavyotoka kidogo kidogo katika tezi na viungo vingine, vikaingia katika damu na kutembea nayo kama barua. Kila barua ina mahali pake pa kufika. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo gerelini. Ikifika kwenye ubongo, unasikia njaa. Wataalamu wa Japani ndio walioigundua, mwaka 1999.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Uzito wake ni gramu chache tu, lakini bila tezi hizo mbili mtu hawezi kuishi. Homoni yao moja inaitwa aldosteroni. Hiyo huyaambia mafigo: «Msiiache chumvi itoke yote katika mkojo.» Maana chumvi ndiyo inayoshika maji ndani ya damu. Chumvi ikipungua mno, maji ya damu nayo hupungua, mtu hulegea, na mwisho moyo hushindwa kazi yake.

Sasa sikilizeni habari ya mtoto mmoja wa Marekani. Alipokuwa na umri wa karibu mwaka mmoja, alianza kulamba chumvi iliyokuwa juu ya biskuti. Biskuti yenyewe hakuila. Aliirudisha na kutaka nyingine. Baadaye alijua chumvi inawekwa wapi mezani. Akachovya kidole, akaila tupu. Alipoanza kusema, neno «chumvi» lilikuwa moja la maneno yake ya kwanza. Wazazi wake walimwachia.

Alipofika miaka mitatu na nusu walimpeleka hospitali katika mji wa Baltimore. Hawakumpeleka kwa sababu ya chumvi. Walimpeleka kwa sababu mwili wake ulikuwa umeanza kuonyesha alama za mtu mzima kabla ya wakati. Hospitalini alipewa chakula kile kile cha watoto wote. Kilikuwa chakula kizuri, na chumvi yake ilikuwa ya kadiri. Kwa mtoto mwingine ingetosha. Baada ya siku saba akafa.

Waganga walipoupasua mwili wake, waliona kwamba zile tezi za juu ya mafigo zilikuwa mbovu. Ndipo walipofahamu. Mafigo yake yalikuwa yakimwaga chumvi kama ndoo iliyotoboka, naye mtoto alikuwa akiijaza tena kila siku kwa kidole chake. Kwa miaka miwili na nusu alijitunza mwenyewe, wala hakuna mtu mzima aliyejua. Mganga Lawson Wilkins na mtaalamu Curt Richter waliandika habari yake mwaka 1940, ili waganga wengine waijue.

Richter alikuwa amekwisha kuona jambo kama hilo kwa panya. Mwaka 1936 alieleza kwamba panya walioondolewa tezi hizo, wakiwekewa maji ya chumvi karibu na maji safi, waliyanywa kwa wingi yale ya chumvi, nao wakaishi. Wale waliokosa maji ya chumvi walikufa. Panya hawakufundishwa na mtu.

Homoni aldosteroni yenyewe ilipatikana mwaka 1953. Siku hizi mtoto mwenye ugonjwa ule hunywa kila siku dawa zinazoshika nafasi ya homoni, na akiwa mchanga huongezewa chumvi kidogo. Anasoma, anacheza mpira, anakua.

Je, kila hamu yasema kweli? Hapana. Ulimi huzoea upesi chumvi nyingi na sukari nyingi, ukazidai hata mwili ukiwa nazo tele. Kwa mtu mzima mwenye tezi nzima, chumvi ya siku moja haipasi kupita kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya sombe na samaki. Ikizidi, hupandisha nguvu ya damu na kuchosha moyo.

Tena sokoni mmeona mama wanaouza pemba, ule udongo mweupe uliokaushwa. Wanunuzi wengi ni mama wenye mimba. Msiwacheke. Wengi wanaoitamani pemba wana damu hafifu, kwa sababu chuma kimepungua mwilini, na mtoto aliye tumboni anakihitaji chuma hicho. Hapo mwili unaonyesha kwamba kuna shida, lakini unaomba kitu kisichofaa. Pemba haiongezi damu. Yaweza hata kukikamata chuma cha chakula ndani ya tumbo, kisiingie katika damu. Na udongo mchafu waweza kuwa na mayai ya minyoo, ambayo huzidi kuidhoofisha damu.

Mama wa namna hiyo aende kwenye kituo cha afya na kusema wazi: «Ninatamani udongo.» Asione haya. Watapima damu yake, watampa vidonge vya chuma, na kumshauri ale maharagi, nyama au maini akiweza kuyapata. Kwa wengi, damu ikipata nguvu, hamu ya pemba huisha yenyewe.