Homa na Machozi ya Msafiri

Ni ada ya waganga, wa kale na wa sasa, kumwusia mgonjwa ambaye maradhi yake hayajulikani yalipo aende akabadili hewa. Naye akenda akakaa mwezi kwa shangazi yake Lushoto au Lamu, akarudi amenawiri, sifa zote hupewa safari, kana kwamba mwendo wenyewe ndio dawa. Mimi nina shaka. Nionavyo, safari huutaabisha mwili kwanza ndipo iufae, na moyo huutaabisha zaidi. Na kigeuzacho taabu hiyo kuwa afya, aghalabu, si hewa ya mahali bali ni jinsi mgeni anavyopokewa.

Shahidi wangu ni Ibn Battuta wa Tangier, ambaye watu wa pwani yetu humkumbuka kwa kuwa alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Wengi humsoma kwa kutafuta habari za masultani. Ni wachache wamsomao kama mtu mwenye tumbo na moyo. Alitoka kwao mwaka 1325, kijana wa miaka 21, kwenda kuhiji, na kabla hajatoka katika nchi za Maghribi homa ikamshika mjini Bijaya. Mwanachuoni mmoja wa msafara alimnasihi abaki mpaka apone. Yeye akakataa, kwani ikiwa ajali yake imekwisha kadiriwa, aliona heri imkute njiani uso wake umeelekea Hijazi. Akauza mnyama wake na mizigo mizito, akaazimwa kipando na hema, akashika njia. Na udhaifu ulipomzidi alijifunga kwa kilemba chake juu ya tandiko asije akaanguka, maana kushuka hakukuwa na amani. Walipofika Tunis, watu wa mji wakatoka kuwalaki wenziwe, huyu akimsalimu yule, wala hapana aliyemgeukia yeye. Hasimulii kwamba alilia kwa homa; hapo ndipo alipolia. Haji mmoja aking'amua hali yake, akamwendea, akamsalimu, akamliwaza mpaka wakaingia mjini.

Asidhani mtu kwamba hayo ni udhaifu wa kijana aliyedekezwa. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brown, huko Marekani, walionyesha kwamba usiku wa kwanza wa kulala mahali pageni, upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi kuliko wa pili, kama uliopewa zamu ya kusikiliza nyayo. Basi mgeni huamka amechoka hata akilazwa juu ya godoro la sufi, kwa sababu sehemu yake moja haijaamini bado kwamba imefika kwa watu wema.

Watu wa Mogadishu, nadhani, walilijua hilo bila ya kupima ubongo wa mtu. Chombo kilipotia nanga, vijana walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akaiweka mbele ya mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, alipelekwa kwa kadhi, akalishwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Wala hataji homa.

Ila sitadai kwamba ukarimu ni kinga ya kila dhara. Baadaye, katika mji wa mfalme wa Mali, yeye na wenziwe walikula asida ya mizizi mfano wa magimbi, wote sita wakaugua, mmoja akafa, na yeye mwenyewe, ingawa Mmisri mmoja alimpa dawa ya kumtapisha, alikaa miezi miwili hajiwezi.

Sisi tunaosafiri kwa ndege tuna taabu ambayo jahazi la kaskazi halikuwa nayo. Jahazi lilikwenda taratibu, mwili ukaandamana nalo. Ndege humshusha mtu New York saa zake za ndani zingali za Dar es Salaam, na kuzirekebisha huchukua kadiri ya siku moja kwa kila saa ya tofauti, na zaidi arudipo upande wa mashariki. Tena kuna jambo ambalo jamaa huku nyumbani hawalitambui: mzaliwa wa Tanga aliyeishi London miaka mingi hupoteza ile himaya dhidi ya malaria aliyoipata kwa kuumwa na mbu tangu utotoni. Hupokewa kama mwenyeji, naye hujihesabu mwenyeji, akadharau vidonge na chandarua, na homa humlaza vibaya kuliko ndugu zake waliobaki.

Kurejea kwao, kwa hiyo, si lazima kumponye msafiri. Mwaka 1348, akiwa Damascus, Ibn Battuta alipata habari kwamba baba yake alifariki miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata, amekaribia kwao, akaambiwa kuwa mama naye amekufa kwa tauni. Alikwenda Tangier kulizuru kaburi lake, kisha akaenda Ceuta, mji wa jirani, na huko, katika hewa aliyozaliwa nayo, akaugua miezi mitatu. Alipopata nafuu hakukaa; alivuka bahari akaenda Andalusi.